Ombi la Kubadili Mfumo

Jina la nchi yenyewe sitalitaja. Si kwamba naogopa. Kulitaja kwenye maandishi yasiyo rasmi kunahitaji kibali, na afisa anayetoa kibali amekwenda kwenye mafunzo ya kutoa vibali. Itoshe kusema ni nchi yenye amani, watu wake ni wapole kupita kiasi, na viongozi wake wanajua kila kitu kabla hakijatokea, isipokuwa vile vinavyotokea.

Mimi nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu za vikao katika Wizara ya Mifumo, Mitambo na Mienendo. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni, kuandika waliyoyasema wakubwa, kisha kuyaondoa yale ambayo hawakupaswa kuyasema. Nimeifanya miaka kumi na minne bila karipio hata moja, na nilikuwa najivunia.

Kompyuta zote za serikali yetu ziliendeshwa na mfumo mmoja uitwao Lango. Kampuni iliyoutengeneza iko mbali sana, hakuna kati yetu aliyewahi kuiona, lakini tuliiheshimu kama wakwe. Kila mwaka ilitaka leseni ihuishwe, na kila mwaka Wizara ilisahau. Basi siku ya kwanza ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, vioo vya kompyuta zote nchini viligeuka vyeusi, na katikati yakatokea maandishi meupe ya lugha ya kigeni. Wataalamu watatu walikaa wiki nzima kuyafasiri, wakaleta jibu: "Tunasikitika." Wakubwa walifarijika sana kusikia kwamba kampuni inasikitika.

Wananchi nao waliambiwa, "Mfumo uko chini." Maneno hayo matatu ndiyo yaliyoubeba utumishi wetu wa umma. Ukifika saa tatu, mfumo uko chini. Ukifika saa sita, ulikuwa juu sasa hivi tu, umeshuka ulipokuwa unapanga foleni. Ukifa kabla haujapanda, warithi wako walishauriwa wasubiri upande ili wathibitishiwe kwamba umekufa. Watumishi wengine walistaafu na kupewa mkono wa heri bila kujua kompyuta zao zinawashwa wapi.

*

Wilayani Kigongoni kulikuwa na Ofisi ya Vizazi na Vifo yenye kompyuta saba na mtumishi mmoja anayezielewa. Huyo aliitwa Bi. Zamda Kitoi, mwanamke mfupi wa miaka arobaini, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Aliajiriwa kwa bahati mbaya. Siku ya usaili, kijana wa mkubwa aliyetengewa nafasi alipitiwa na usingizi.

Mwaka huo Baraza la Mitihani lilitoa agizo: mwanafunzi wa darasa la saba asiye na cheti cha kuzaliwa kilichochapwa kwa kompyuta ya serikali asiandikishwe kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kigongoni ilikuwa na wanafunzi mia tatu na kumi na wawili wa darasa la saba. Wote walizaliwa, hilo hakuna aliyebisha, na majina yao wote yalikuwa ndani ya kompyuta zile saba. Ila Lango lilikuwa limefungwa, na siku za kujiandikisha zilikuwa ishirini na moja.

Kila asubuhi Mzee Tindo, mfyatua matofali, alifika ofisini na mjukuu wake Sikitu, binti wa miaka kumi na mitatu ambaye wazazi wake wote wawili walikuwa wametangulia mbele ya haki.

"Shikamoo, baba," Bi. Zamda alimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje leo?"

"Sijambo."

"Nauliza mfumo."

"Bado uko chini, baba."

"Sasa mwezi mzima mtu yuko chini, anaumwa nini? Tuambieni tuuchangie, tuupeleke hospitali." Akamsogeza mjukuu wake mbele. "Mwangalie huyu. Hesabu anazimaliza kichwani kabla mwalimu hajamaliza kuziandika ubaoni. Asipofanya mtihani, kuanzia mwakani atanibebea matofali. Mimi nimeyabeba tangu utoto, mwanangu. Najua yanamfanya nini mtu."

Sikitu alikuwa anaitazama kompyuta nyeusi kama anayesubiri ijikosoe.

Sasa, Bi. Zamda alikuwa na jambo moja alilolijua na Wizara hailijui. Alijua kwamba Lango si mfumo pekee duniani. Upo mfumo huria, uliotengenezwa na watu wa kila nchi kwa kujitolea, ambao hauna leseni ya kuhuishwa. Unaupata bure, unaufungua, unaona ulivyoundwa, unatengeneza panapokukera, na jirani akiutaka unamnakilia. Yeye mwenyewe aliutumia nyumbani mwaka wa tisa huo, na nakala yake alitembea nayo ndani ya flashi kwenye mkoba, karibu na sindano na uzi.

Siku hiyo akachukua kompyuta kuukuu kuliko zote, ile waliyoitumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Akachomeka flashi. Baada ya dakika ishirini kompyuta ilikuwa hai, na majina yote ya watoto yamo ndani, hakuna lililopungua. Akachapa cheti cha kwanza: Sikitu Hamadi Tindo, jinsi ya kike, alizaliwa Kigongoni.

Mzee Tindo alikipokea kwa mikono miwili, akakisoma polepole mpaka kwenye muhuri. Bi. Zamda akakichukua tena.

"Nipe wiki moja tu, baba. Lazima niombe kibali kwanza, mambo yawe halali, vyeti visije vikakataliwa. Hiki nakiambatisha wakione."

Kosa lake lilikuwa hapo. Angenyamaza na kuendelea kuchapa, jioni yake angekuwa amewamaliza watoto wote, na asingejua mtu. Lakini alikuwa mwanamke mwaminifu, na uaminifu katika ofisi zetu ulikuwa maradhi yasiyo na dawa.

*

Barua yake ninayo nakala. Naiweka hapa yote, maana si ndefu.

"YAH: OMBI LA KUBADILI MFUMO

Husika na somo tajwa hapo juu. Naomba kibali cha kuuondoa mfumo uliopo, ambao umechoka, unategemea nguvu kutoka nje, na umewafungia wananchi haki zao. Mahali pake niweke mfumo huria, ambao mwananchi yeyote anaweza kuuona ndani, kuurekebisha, na kuwagawia wenzake. Jaribio la kwanza nimeshalifanya na limefanikiwa bila kupotea mtu hata mmoja. Zimebaki sita. Nikipewa kibali nitamaliza kwa siku mbili, kimya kimya, na wakubwa hawataona tofauti. Wenzangu wako kila pembe ya dunia na wako tayari kunisaidia saa yoyote. Naambatisha mfano wa mafanikio. Wako mtiifu, Zamda Kitoi."

Lazima nieleze hapa, kwa faida ya msomaji wa mbali, kwamba katika nchi yetu neno mfumo lina maana mbili. Kuna mfumo wa kompyuta, ambao kila mtu anautaja na hakuna anayeuona. Na kuna Mfumo wenyewe, ambao kila mtu anauona na hakuna anayeutaja. Ukimsikia mtu anasema fulani ni mtu wa Mfumo, ujue fulani hapangi foleni, wala hasimamishwi barabarani, na mashamba yake hayana mpaka. Tangu nchi ipate uhuru, hakuna aliyewahi kuomba kwa maandishi kuubadili huo. Walionong'ona tu hatujawaona tena.

Barua iliposomwa wizarani, aliyeisoma aliishia kwenye neno "kimya kimya", akaiweka juu ya meza, akaenda kunawa mikono.

*

Magari manne yalitumwa Kigongoni kumkamata mwanamke mmoja. Walimkuta mezani kwake anakula mihogo ya kuchemsha. Mimi niliitwa kwenda kuandika mahojiano, yaliyoendeshwa na Kanali Sumbizi wa Idara ya Masikio, mtu mpana, mwenye sauti ya chini, ambaye inasemekana alimtilia shaka hata mkunga wake.

"Mko wangapi?" Kanali alianza.

"Hapa wilayani niko peke yangu, afande. Duniani tuko maelfu."

"Maelfu! Kiongozi wenu nani?"

"Hatuna kiongozi hasa. Kila mtu anachangia anachokiweza, wenzake wanakikagua, kikiwa kizuri kinaingizwa."

"Nani anawalipa?"

"Wengi hawalipwi. Wanajitolea tu."

Kanali aliweka kalamu chini. Katika miaka thelathini ya kazi alikuwa amekamata watu waliolipwa na maadui, watu waliolipwa na marafiki, na wachache aliowalipa yeye mwenyewe ili awakamate. Mtu anayefanya kazi nzuri bila malipo hakuwahi kukutana naye, na nilimwona wazi kwamba ameogopa.

"Na hicho kitu chenu mmekificha wapi?"

"Hatujakificha, afande. Yeyote anaweza kukiona."

Kanali akanigeukia. "Andika: wamekificha kwa kutokukificha."

Nikaandika.

"Una silaha?"

"Sina, afande. Nina flashi tu, iko kwenye mkoba."

Askari wawili waliokuwa karibu na mkoba wakarudi nyuma hatua moja.

"Afande, nisikilize," Bi. Zamda alisema. "Kuna watoto mia tatu na kumi na wawili wanasubiri—"

"Mmeshaingiza na watoto?"

Hapo Kanali akaona ushahidi umetosha. Kilichobaki ni hati ya mashitaka, nayo kwa mujibu wa sheria lazima ichapwe kabla jua halijazama, la sivyo mtuhumiwa anaachiwa. Kanali akawasha kompyuta yake. Ikawa nyeusi, na katikati maandishi meupe. Kampuni ilikuwa inasikitika.

Tulikaa pale sote tunaitazama. Nje jua lilikuwa linashuka bila kujali.

"Nikusaidie, afande?" aliuliza Bi. Zamda.

Kanali alifikiri kidogo, akamfungua pingu. Bi. Zamda akatoa flashi, akaichomeka, akatuomba tuwe na subira dakika ishirini. Alipomaliza, akamwonyesha Kanali pa kuandikia na pa kuchapia, akarudi kwenye kiti chake cha mtuhumiwa. Kanali akachapa mashitaka ya uhaini kwa vidole viwili, kurasa tatu, akayatoa kwenye printa, akayasoma, akapendezwa nayo.

"Ni mwepesi huu," alisema. "Sasa hebu niambie, huo mfumo mnaotaka kuuweka, utafananaje?"

"Ndio huo, afande. Uliouandikia mashitaka yangu."

Kanali aliitazama kompyuta. Akanitazama mimi. Akairudia barua, safari hii akaisoma mpaka mwisho na kiambatisho chake.

"Kumbe ni kompyuta?"

"Ni kompyuta, afande."

"Mbona hukusema?"

"Nasema tangu asubuhi."

Nilidhani ataachiwa aende zake. Lakini jalada lilikuwa limeshafunguliwa, na katika nchi yetu jalada likifunguliwa halifungwi, linahamishwa. Kompyuta saba za Kigongoni zikachukuliwa kuwa vielelezo. Flashi ikachukuliwa. Cheti cha Sikitu kikapigwa muhuri mwekundu, KIELELEZO A, kikatobolewa matundu mawili pembeni na kufungwa kwenye jalada kwa kamba. Mfumo huria ulibaki kwenye kompyuta ya Kanali, maana alikataa katakata uondolewe.

Siku za kujiandikisha zilikuwa zimebaki kumi na tatu.

*

Jalada likahamia kwa Mheshimiwa Profesa Injinia Balthazar Mkwezi, Waziri wetu. Mheshimiwa ni mtu wa kuona mbali, na vitu vya karibu humpa taabu kidogo. Alipoelewa kwamba hakuna mapinduzi, kwamba mfumo wenyewe unafanya kazi, na kwamba nchi nyingine zimeshaanza kuusifia, alipiga meza kwa furaha.

"Hili lilikuwa wazo langu tangu zamani," alisema. "Tulitangaze. Nataka kila mwananchi, mjini na kijijini, ahamasishwe kutumia mfumo huria!"

Ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Uhamasishaji, wajumbe thelathini na mmoja, ikakaa siku nne kwenye hoteli yenye bwawa. Siku ya kwanza walichagua rangi ya fulana. Siku ya pili walijiuliza kwa nini wananchi hawautumii mfumo huu mzuri, na mjumbe mmoja mgeni wa mambo akasema ni kwa sababu hakuna aliyewaambia upo. Mwingine akauliza nani alipaswa kuwaambia. Ilibidi niyaondoe hayo kwenye kumbukumbu kabla ya chai ya saa nne.

Siku ya tatu akaitwa Bi. Zamda, aeleze kwa dakika tano.

"Mheshimiwa," alisema, "watu hawahamasishwi kwa fulana. Mtu anaanza kutumia kitu akimwona mwenzake kinamfaa. Nirudishieni mashine zangu. Nipeni siku mbili. Wazazi mia tatu watarudi nyumbani na vyeti mkononi, na kila mmoja atauliza, kumbe inawezekana? Hapo mmeshamaliza kazi."

Yalikuwa maneno mafupi yanayoeleweka, na kwa sababu hiyo kamati ilibaki imechanganyikiwa.

"Bi. Zamda," Waziri aliuliza, "huu mfumo wako unashuka mara ngapi kwa mwezi?"

"Haushuki, Mheshimiwa. Na ukileta hitilafu naitengeneza palepale, siombi ruhusa ya mtu."

Nimehudhuria misiba yenye kelele kuliko ukimya uliofuata. Kisha Mkurugenzi wa Huduma kwa Wananchi, mzee wa heshima aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kama mfumo haushuki, mwananchi akija dirishani tutamwambia nini?"

Wajumbe walitazamana kama watu walioambiwa kwamba kuanzia kesho hakuna Jumapili.

Siku ya nne busara ikapatikana. Kamati iliamua kwamba mfumo huria ni mzuri ila umelelewa vibaya, kwa hiyo upewe nidhamu. Mwananchi atakuwa huru kuutumia akishapata kibali cha uhuru huo, nacho kitahuishwa kila mwaka. Atakuwa na haki kamili ya kuona ndani ya mfumo ulivyoundwa, na kwa ajili hiyo maandishi yote ya mfumo yatachapwa kwenye karatasi na kufungiwa ndani ya sanduku la chuma wizarani, ambamo mwananchi ataruhusiwa kuchungulia mradi aje na barua ya mjumbe wa mtaa, picha mbili ndogo, na asiwe na nia ya kuelewa. Atakayetaka kurekebisha kitu atajaza fomu ya kutokirekebisha. Na ili kulinda utamaduni wetu, mfumo utashushwa kwa makusudi kila Jumatatu na Alhamisi.

"Na watoto wa Kigongoni?" Bi. Zamda aliuliza akiwa amesimama mlangoni.

"Watoto ni wa kesho," alisema Waziri. "Leo tushughulikie ya leo."

Kisha akamteua hapohapo kuwa Balozi wa Mfumo Huria, kwa kutambua mchango wake. Alipewa fulana ya rangi ya machungwa iliyoandikwa MFUMO HURIA: TUMETHUBUTU, na kofia. Alikatazwa kugusa kompyuta, maana kwa itifaki balozi hagusi, anapunga mkono.

*

Nitasema lililonigusa, hata kama si kazi yangu kuguswa. Bi. Zamda hakupunga mkono. Alirudi Kigongoni, akatoa madaftari ya zamani ya hospitali yaliyokuwa yanaliwa na mchwa, akaanza kuandika vyeti kwa kalamu. Aliandika siku nne, mia tatu na kumi na viwili, herufi za kuchora moja moja, mpaka kidole cha kati kikavimba. Mzee Tindo alikuwa anamletea uji asubuhi, na Sikitu alimsomea majina ili asipoteze muda kuvaa na kuvua miwani.

Akavipeleka Baraza la Mitihani mwenyewe, ndani ya boksi la sabuni. Baada ya siku mbili boksi likarudi na barua: vyeti vilivyoandikwa kwa mkono havitambuliki. Barua yenyewe iliandikwa kwa mkono, kwa kuwa mfumo wa Baraza ulikuwa chini.

Uzinduzi wa mfumo huria ulipangwa kufanyika kwenye uwanja wa michezo, siku ileile ya mwisho ya kujiandikisha. Haikuwa kwa ubaya. Ilikuwa siku pekee ambayo Mheshimiwa hana safari. Asubuhi hiyo Bi. Zamda alimfuata Kanali Sumbizi jukwaani, na mimi nilikuwa kiti cha nyuma yao.

"Afande, dirisha la kujiandikisha linafungwa saa kumi. Ni saa mbili sasa. Nipe hata mashine moja. Nipe hata kile cheti kimoja kilichomo kwenye jalada."

Kanali alitazama viatu vyake. Sijui kama mtu wa kazi yake anaruhusiwa kuona haya, lakini nadhani aliona.

"Bibie, ningekuwa na uwezo ningekupa sasa hivi. Lakini kielelezo hakitoki mpaka kesi iishe. Kesi haiwezi kwisha kwa sababu haijaanza. Na haiwezi kuanza kwa sababu hakuna kosa."

"Basi nishitakini!" alisema Bi. Zamda. "Nishitakini leo, nikiri, nifungwe, vitolewe!"

"Mahakama leo imefungwa," Kanali alisema taratibu. "Wote wako hapa kwenye uzinduzi."

Waziri alianza kuhutubia saa nne. Alieleza historia ya uhuru, kisha historia ya neno huria, kisha historia yake mwenyewe. "Ndugu wananchi," alinguruma, "mfumo huu ni wenu! Umetoka kwenu, unarudi kwenu, utapitia kwetu! Leo tunafungua! Na tukishafungua, tutafunga vizuri ili usiingie vumbi!" Saa sita akanywa maji. Saa nane akaanza upya, kwa ajili ya waliochelewa. Saa tisa na nusu Mzee Tindo aliupata mkono wa Bi. Zamda katikati ya umati.

"Mwanangu, cheti si ulikitoa? Nilikishika mimi, kwa mkono huu. Mbona wanasema hakipo?"

"Kipo, baba."

"Kama kipo si watupe?"

Bi. Zamda akavua miwani, akalia pale pale, amevaa fulana yake ya machungwa. Watu waliokuwa karibu walidhani ni furaha ya uzinduzi, mmoja akampongeza. Saa kumi ikapita Mheshimiwa akiwa bado kwenye utangulizi wa hitimisho. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na sauti kooni, na nilitumia kalamu. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

*

Mtihani ukafanyika nchi nzima, isipokuwa Kigongoni, ambako hapakuwa na mtu wa kuufanya. Matokeo yalipotoka, wataalamu wa takwimu waligundua jambo ambalo halijawahi kutokea: wilaya nzima haikuwa na mwanafunzi hata mmoja aliyefeli. Waziri alipopelekewa taarifa aliuliza wilaya gani hiyo, akaambiwa ndiyo ile ulikoanzia mfumo huria. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Akaagiza kombe.

Sherehe ilifanyika mwanzoni mwa mwaka, shule ya msingi Kigongoni. Watoto wa wilaya nyingine walikuwa wameshaanza sekondari na sare mpya. Ilitakiwa binti wa kumkabidhi Mheshimiwa shada la maua, na mwalimu mkuu, ambaye alipangiwa jambo hilo dakika za mwisho, akatuma mtu kwenye tanuri la matofali la jirani. Sikitu alikuja amenawa uso, lakini udongo ulikuwa bado kwenye nywele na kwenye kucha. Bi. Zamda, aliyeletwa kama Balozi, alimfuta bega kwa kanga yake.

Waziri akapokea maua, akainama mbele ya vipaza sauti, akatabasamu.

"Haya, binti. Wewe ndiye tunda la mfumo huria. Uko darasa la ngapi?"

"La saba, Mheshimiwa," Sikitu alisema. "Nilikuwa."

"Safi kabisa! Na mtihani wetu uliuonaje?"

Sikitu alimtazama Bi. Zamda, akamtazama babu yake aliyesimama nyuma kabisa ya uwanja, akarudisha macho kwa Waziri.

"Sikuuona," alijibu.

Mheshimiwa aliangua kicheko kikubwa, akawageukia wananchi na kuwanyooshea kombe. "Mmesikia? Mwepesi hata hakuuona!"

Uwanja mzima ukacheka. Bi. Zamda hakucheka. Alimshika Sikitu mkono wakatoka polepole kupita mbele ya jukwaa, na hakuna aliyewazuia, maana ratiba ilikuwa imeshahamia kwenye ngoma. Mimi niliinama nikaandika: "Mwanafunzi alithibitisha kwamba mtihani ulikuwa mwepesi." Kumbukumbu hiyo iko wizarani mpaka leo, na sahihi iliyo chini yake ni yangu.